Muguka wa Jirani na Tumbaku ya Dukani Kwetu

Swali limeletwa katika darasa letu, na kwa kuwa walioliuliza si mmoja wala wawili, tumeona yafaa kulijibu kwa maandishi. Wauliza: je, yajuzu kumkatia mtu riziki yake ili kuilinda afya ya mtu mwingine? Mmea haukutajwa kwa jina, walakin sote tulijua wakusudia nini. Mwezi wa Mei 2024 Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Sheriff Nassir, alitoa amri ya kukataza muguka usiingizwe wala usiuzwe katika kaunti yake, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Hazikupita siku nyingi, Rais William Ruto akakutana na viongozi wa Embu, akatamka kuwa amri zile hazina nguvu kwani muguka ni zao linalotambuliwa na sheria ya nchi. Na Mahakama Kuu ya Embu ikaamuru katazo lisimamishwe. Mjini kwetu maneno yakawa mengi. Huyu alisema bara imetudhulumu, yule akasema riziki haina mpaka, na wengi walisema kwa hasira tu.

Sisi twapenda jambo litazamwe kwa utulivu. Tuanze na dhara lenyewe, kwani hukumu hufuata sababu yake.

Muguka wa Embu na miraa ya Meru ni mti mmoja. Tofauti ni kuwa muguka hutafunwa jani, nao ni rahisi kwa bei, ndiyo maana umewaenea vijana wetu wasio na kazi. Humnyima mtu usingizi, humwondolea hamu ya chakula, hupandisha damu na kuuendesha moyo mbio, na kwa baadhi ya wale wanaozidisha huharibu akili. Mwenye kijana nyumbani akeshaye mpaka alfajiri, kisha akalala wakati wa Sala na wakati wa kazi, hana haja ya kusomewa kitabu. Lakini katika habari ya saratani, lazima tuseme kweli: ushahidi juu ya miraa haujafikia daraja ya ule wa tumbaku. Tumbaku, Shirika la Afya Ulimwenguni lahesabu kuwa yaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, limeitia katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibiti kuwa vyaleta saratani kwa binadamu, ikiwa ya kuvuta, ya kutafuna au ya kunusa. Na aghlabu watafunao muguka huvuta sigara pamoja nao, wakapata shari mbili katika kikao kimoja.

Wanavyuoni wa zamani walikwisha kuyashughulikia haya. Ibn Hajar al-Haytami, ambaye vitabu vyake vyasomwa na kila mwanafunzi wa madhehebu ya Shafi, aliandika risala mahsusi juu ya qati katika karne ya 16. Akawaona watoaji habari wakikhitilafiana juu ya athari zake, kwa hivyo hakuthubutu kuiharimisha kwa kukata, bali aliwausia watu wajiepushe nayo. Tumbaku ilipofika katika miji ya Waislamu baada yake, wanavyuoni wakagawanyika vile vile. Abdul-Ghani an-Nabulsi wa Damaskasi aliandika kitabu kuitetea. Hatuwalaumu, walihukumu kwa yale yaliyowafikia. Walakin sisi yametufikia mengine. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha uchunguzi wao wa wagonjwa katika hospitali za London, wakaonyesha wazi namna sigara inavyofungamana na saratani ya mapafu, na kila mwaka tangu hapo udhuru umezidi kupungua. Mtu anayewashikilia wazee katika fatwa ya tumbaku leo amewaachia wao kazi ya kufikiri, nao walikwisha kuimaliza sehemu yao.

Sasa tumtazame mkulima. Wengi wetu twamsema bila kuijua nchi yake. Mbeere, upande wa chini wa Embu, ni nchi kavu. Mahindi hupandwa, na mvua ikikatika kati hukauka kabla ya kuzaa. Muguka ni kichaka kifupi kinachostahimili ukame. Mkulima huchuma majani, na baada ya majuma machache huyakuta yamechipua tena. Kwa majani hayo hulipa karo na kununua unga. Huko Meru, katika milima ya Nyambene, miraa ina heshima ya miaka mingi: furushi lake huingia katika posa na katika vikao vya wazee. Nao wameshaonja kufungiwa milango. Uholanzi ilikataza mwaka 2013, Uingereza mwaka 2014, na Somalia ikafunga soko lake tangu Machi 2020 mpaka Julai 2022. Kila mlango ulipofungwa, aliyebaki na khasara ni yule wa shambani, kwani jani hilo halina akiba. Likikaa siku chache nguvu zake hupotea, na thamani pia.

Na kuna jambo ambalo hapa pwani halitajwi. Katika sehemu za Meru na Embu watu wamelima na tumbaku pia, kwa mkataba wa makampuni. Kampuni humkopesha mkulima mbegu na mbolea, na siku ya kuuza hukata deni lake kwanza. Majani mabichi yenye umande hupenyeza sumu katika ngozi ya mchumaji, akashikwa na kizunguzungu na kutapika. Na kuyakausha kwataka kuni nyingi, miti ikakatwa. Jani hili ndilo lenye dhara lililothibiti kuliko yote, walakin hatukusikia likizuiliwa njiani lisishuke Mombasa. Laingia ndani ya pakiti nzuri, likapangwa rafuni, na muuzaji wake aitwa mfanyabiashara.

Hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame nasi kidogo. Neno uraibu, ambalo leo twalitumia kwa kila ulevi wa mazoea, kwa wazee wetu lilikuwa jina la tambuu na vikorokoro vyake: popoo, chokaa, katu na tumbaku. Neno limetoka katika sahani zetu wenyewe, zilizopitishwa arusini kumkirimu mgeni. Na popoo hiyo, hata isipotiwa tumbaku, wataalamu wa Lyon waliitia katika kundi lile lile la kwanza katika kitabu chao cha mwaka 2004, kwa ajili ya saratani ya kinywa. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 yakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18, na yakataza kuuza pungufu ya sigara kumi katika pakiti. Twauliza: ni maduka mangapi mitaani kwetu yasiyouza sigara moja moja? Na wenye maduka hayo ni nani? Mtoto atokaye chuoni na shilingi zake hakutani na lori la Embu. Akutana na kaunta ya jirani yake, aliyesali naye Adhuhuri.

Turudi kwenye swali. Mafakihi wametuwekea kanuni kuwa dhara lapasa kuondolewa, na wakaifunga kwa sharti, kuwa lisiondolewe kwa kuleta jingine la kadiri yake. Mwenye kuunga mkono katazo atatujibu kuwa wamesema vile vile kwamba dhara la wachache huvumiliwa ili kuzuia dhara la umma. Ni kweli, na sisi twaikubali hoja hiyo: mtu hana haki ya kuuza kitu kiharibucho watu kwa sababu tu ndicho kimlishacho. Lakini kanuni hiyo haikusema mzigo wote abebe yule aliye mbali, asiye na kura katika mji wetu, huku mwenye duka, mwenye lori na mtoza ushuru wakibaki na chumo lao. Serikali za kaunti zilikuwa zikitoza fedha kwa magari yaletayo muguka. Aliyekula katika sahani hawezi kumgeukia mpishi peke yake.

Jibu la Serikali kuu nalo halikuturidhisha hata kidogo. Kusema kuwa muguka watambuliwa na Sheria ya Mazao ya mwaka 2013 na kanuni za miraa za mwaka 2023 ni kusema kuwa wauzwa kwa halali ya dola, na tumbaku nayo ni hivyo hivyo. Kutambuliwa si kusalimika. Tumbaku hiyo hiyo yatufunza njia ya kati: zao laweza kuruhusiwa shambani, kisha likazuiliwa lisimfikie mtoto, lisitangazwe, na lisiuzwe bila ya onyo. Wala njia hiyo haikupatikana bure. Kanuni za Tumbaku za mwaka 2014, zilizoleta picha za maonyo na malipo ya asilimia 2 kutoka kwa watengenezaji, zilipelekwa mahakamani na kampuni ya British American Tobacco mwaka 2015, na kesi haikwisha mpaka Mahakama ya Juu ilipoitupa Novemba 2019. Amri ya siku moja husimamishwa kwa siku moja. Sheria iliyopitishwa kwa utaratibu ilistahimili miaka minne ya mawakili wakubwa.

Tena mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2004, una kifungu cha 17 kinachozitaka serikali ziwasaidie wakulima kupata chumo badala. Huko Migori jambo hilo lilianzwa mwaka 2022: mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na Serikali yaliwapa wakulima wa tumbaku mbegu za maharagwe yenye madini ya chuma, na mavuno yakatafutiwa mnunuzi. Hili la mnunuzi ndilo kubwa, kwani mkulima huganda na tumbaku kwa sababu kampuni yaja kununua mpaka mlangoni. Kwa nini mkulima wa Mbeere asifanyiwe mfano wa hayo? Ardhi yake ni kavu kuliko ya Migori, kwa hivyo maharagwe huenda yasifae; wataalamu wa kilimo watazame pojo, kunde, mtama au mifugo. Hiyo ni kazi yao, nasi hatuijui vizuri kuliko wenyewe.

Kwa hayo, darasa letu limeandika barua kwa wajumbe wa Bunge la Kaunti. Twataka sheria ya muguka na miraa iliyo mfano wa ile ya tumbaku, yenye umri wa mnunuzi na umbali kutoka shule na madrasa. Twataka ile ya tumbaku iliyokwisha kuwapo itekelezwe kuanzia mitaa yetu. Na twataka wajumbe wetu wakae na wa Embu na Meru kabla ya amri nyingine kutolewa. Barua itasomwa Ijumaa baada ya Isha kabla ya kupelekwa. Wenye maduka twawaomba khasa wahudhurie, na mwenye neno la kupinga na aje nalo, litaandikwa kama yalivyoandikwa yetu.