Maktaba Iliyofungwa: Ni Amana au Ni Dhulma?

Nafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu katika sekondari moja jijini Dar es Salaam, na kwa miaka mitatu ufunguo wa maktaba ya shule ulikuwa mfukoni mwangu. Mwaka jana, zikiwa zimebaki wiki mbili kufikia mtihani wa Kidato cha Nne, binti mmoja alinijia baada ya swala ya Alasiri.

"Ustadhi, tunaomba utufungulie maktaba. Nyumbani hatuna vitabu."

Nilimjibu kama nilivyozoea: "Vitabu ni amana, binti yangu. Vikipotea nitaulizwa mimi."

Akaondoka kimya. Usiku ule nilijiuliza: nitaulizwa na nani, na nitaulizwa nini?

Vitabu vile Waislamu walivitoa wakfu. Mafakihi wametufundisha, kutokana na kisa cha Sayyidna Umar (R.A.) na ardhi yake ya Khaybar, kuwa wakfu ni kuizuia mali isiuzwe wala kurithiwa, na kuyaachia manfaa yake yawafikie waliokusudiwa. Mimi nilikuwa nimezuia vyote viwili, mali na manfaa! Je, huko ni kulinda amana au ni kuwadhulumu wenye haki?

Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 karibu na Bukhara, alipomtibu mtawala Nuh bin Mansur aliomba ruhusa ya kusoma katika maktaba ya mtawala huyo. Alikuwa kijana wa miaka kama 17 tu, na akafunguliwa. Laiti mtunza maktaba yule angekuwa na hofu yangu, umma ungepoteza kiasi gani?

Watakuwepo watakaosema kuwa vitabu huibwa na kuchanwa. Sikatai. Kitabu kikipotea, mwanafunzi wa mwakani naye amedhulumiwa. Lakini dawa yake ni daftari la kuazima na mwalimu wa zamu, si kufuli.

Wengine wanahofia kompyuta na intaneti kuwa zitawaharibu vijana. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, kijana huyo huyo anashika simu akiwa peke yake chumbani. Si bora asome mbele ya mwalimu? Wanazuoni wa hadithi walikuwa wakiuliza: habari hii umeipokea kwa nani? Maktaba ya kisasa ni mahali pa kumzoesha kijana kuuliza swali hilo kabla hajaamini anachokisoma.

Sasa tunafungua kila siku ya masomo, kuanzia Alasiri hadi karibu na Magharibi. Vitabu vinne vimekwishapotea, na inaniuma. Lakini yule binti alimaliza shule bila kufunguliwa mlango, na hilo linaniuma zaidi.

Ndugu mzazi, wiki hii nenda shuleni kwa mwanao ukaulize: ufunguo wa maktaba anao nani, na mlango unafunguliwa saa ngapi?

Wabillahi tawfiq.