Kitufe changu, muziki wa nani?

Mezani pangu kuna kiboksi cha mbao ya mkongo nilichokitengeneza mwenyewe. Ndani mna ESP32, kompyuta ndogo kuliko kiberiti inayoshika Wi-Fi. Nje, kitufe cha kuzungusha kama cha redio za zamani. Nikikizungusha, amri huenda kwa intaneti hadi seva za huduma ya muziki ya Spotify, kisha hurudi kwenye kompyuta inayopiga muziki, iliyo shubiri mbili tu kutoka mkononi mwangu, na sauti hupanda.

Je, mkono huu unatawala au unaomba? Marehemu baba alikuwa na kanda za taarabu; akitaka kusikiliza, hakuomba ruhusa kwa mtu. Ruhusa yangu mimi huisha kila baada ya saa 1, na kifaa huomba nyingine kimyakimya. Bila akaunti ya kulipia, kitufe ni pambo.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Lakini hata pumzi nimeazimwa, na haikunidai nywila. Basi nyaya nilizozilehemu ni jasho langu. Muziki ni amana. Nautumia nikijua mwenyewe yupo.