Kadi ya Jirani na Homa ya Mtoto



Mama mmoja aliyevuka mpaka na watoto watatu, karatasi zake zikiwa hazijatoka, alituuliza baada ya ibada: "Mchungaji, mtoto wangu alishikwa na homa kali. Nilitumia kadi ya jirani ili atibiwe. Je, nimetenda dhambi?"

Mzee mmoja wa kanisa alimjibu papo hapo kwamba uongo ni uongo. Sisi hatukuweza kujibu upesi hivyo. Shifra na Pua walimdanganya Farao ili watoto waishi, na Mungu akawatendea mema. Tena Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 22, unamtaja hata mtoto ambaye bado anaomba kutambuliwa kuwa mkimbizi. Kifungu cha 24 ni cha matibabu. Basi anayemrudisha mtoto mwenye homa kwa sababu ya karatasi ndiye aanze kutubu.

Lakini yuko Daudi pia. Alipofika Nobu na njaa alimdanganya kuhani Ahimeleki, akapewa mikate. Baadaye Sauli aliamuru makuhani wauawe, wakafa 85, na Daudi mwenyewe akakiri kwamba yeye ndiye chanzo.

Hapa kwetu mtoto wa mgeni alipona kwa dawa mseto, lakini daftarini liliandikwa jina la mtoto wa jirani. Kabla ya wiki mbili kupita, huyo wa jirani naye akaugua malaria. Muuguzi akaona kwamba amekwisha kunywa dawa ileile, akadhani imeshindwa kumponya, akataka kumpeleka hospitali ya mbali. Ikabidi mama yake akiri mbele ya foleni nzima. (Aibu ile tuliiona kwa macho.)

Tulimwambia mgeni wetu kwamba dhambi yake haizidi yetu. Aliimba nasi Jumapili tatu, na hakuna aliyemwuliza kama ana karatasi. Kumpa mtu kadi ni rahisi. Kwenda naye, kukaa naye kwenye benchi tangu alfajiri, na kumweleza muuguzi kwa lugha anayoisikia kwamba huyu ni mgeni, hilo linakula siku nzima ya shamba.

Na kama ni usiku, mtoto ana degedege, na mlangoni wanadai kadi? Sisi tungetoa ya kwetu. Kulipokucha tungerudi wenyewe, kabla ya kushika jembe, tuombe jina lisahihishwe daftarini.