JE, ANAYELISHA AMEKWISHA KUPENDA?

Tunawaletea swali moja: mtu anayemlisha kiumbe, je, amekwisha kumpenda? Tujibu kwa kumtazama samaki mmoja wa mbali.

Jina lake ni taa. Si taa ya kuangazia nyumba; ni samaki mpana kama sinia, na kwenye mkia ana mwiba wa sumu. Taa wengi ni wa bahari, lakini katika mito ya Amerika ya Kusini kuna wengine wasioishi baharini kabisa. Mmoja wao, mweusi mwenye madoa meupe, ni wa mto Xingu, inchi ya Brazili. Wataalamu walipomwandika mwaka 1970, walimpa jina la Leopold III, aliyekuwa mfalme wa Ubelgiji toka 1934 mpaka 1951. Sisi tuliokuwa na Léopoldville tunajua ni nini kupewa jina la mfalme wa mbali.

Kwa ajili ya uzuri wake, watu wa Ulaya, Marekani na Asia wanamfuga nyumbani katika sanduku la vioo. Mwanzoni anajifunika mchanga, macho tu yanabaki nje, pamoja na matundu mawili ya kuvutia maji. Baadaye anazoea. Akimwona mwenye kumlisha, anapanda kwenye kioo, anatoa pua juu ya maji, anapokea chakula mkononi. Mwenye nyumba anafurahi, anasema: “Ananipenda.”

Lakini samaki huyu anakula sana, na uchafu wake unageuka kuwa sumu katika maji machache. Kule Xingu maji yanapita na kuuchukua. Ndani ya vioo hakuna mto. Maji yakichafuka, pembeni za mwili wake zinajikunja kwenda juu, na mara nyingi hiyo ni dalili ya kufa. Tena wengine wanamnunua akiwa mdogo, kisha anakua mpaka hana nafasi ya kugeuka. Tumbo limeshiba, lakini mwenyewe anaangamia.

Na siku akimchoma bwana wake, anaitwa mbaya. Kumbe mwiba ule si wa kuwindia. Ni wa kujikinga anapokanyagwa au kushikwa. Wavuvi wa kwao wanaburuta miguu ndani ya maji, naye anasikia na kuondoka zake. Basi, kosa ni la nani?

Mwingine atasema: “Hata sisi tunafuga kuku na mbuzi.” Ni kweli, na hatusemi kufuga ni zambi. Tunasema hivi: anayemtoa samaki mtoni amejitwika kazi ya mto.

Sasa tujitazame. Wangapi kati yetu tumechukua mtoto wa ndugu toka kijijini, tunampa bugali na sombe kila siku, halafu tunaona hatuna deni tena kwake? Anatukimbilia tukirudi toka soko, tunasema anatupenda. Lakini masomo, mapumziko na kusikilizwa, hayo ndiyo maji yake. Siku akijibu kwa ukali, tunahukumu tabia yake, hatuchunguzi maji tuliyomwekea.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: kulisha ni mwanzo wa kupenda, si mwisho. Mbele ya kuleta kiumbe nyumbani, kila mmoja ajiulize: nitaweza kuwa mto wake?