Tamaa Katika Kundi la Watu

Tarehe 28 Novemba 2008, kesho yake ya Sikukuu ya Shukrani huko Marekani, watu wapata 2,000 walisongamana mbele ya duka kubwa la Valley Stream, jimbo la New York, wakingoja vitu vilivyopunguzwa bei. Karibu na saa 11 alfajiri milango ikavunjika, wakamkanyaga mtumishi wa duka hata akafa.

Tusijidhani kuwa bora kuliko wao. Hakuna aliyetoka nyumbani ili aue. Kila mmoja alisukumwa na wa nyuma, naye akamsukuma wa mbele. Basi tuendapo sokoni kabla ya Krismasi, tukiona watu wanasukumana, tusimame kando, tumnyanyue aliyeanguka. Bwana atupe mioyo ya kuridhika.