Dume Alale kwa Nani?

Ng'ombe jike hakosi mlezi milimani Upare. Atatoa maziwa, atatoa samadi, atazaa. Jirani yeyote mwenye kipande cha majani atampokea, na wengine watanuna kwa nini hawakuombwa wao. Tabu huanza mnyama wa kuwekwa anapokuwa dume. Hapo kila mtu hukumbuka kwamba banda lake limechakaa, kwamba mkewe anaumwa mgongo, kwamba watoto hupita uani asubuhi wakienda shule. Wala si visingizio vya uongo. Dume wa Friesian akishakomaa huvuka kilo 500, ana nguvu za kuvunja nguzo iliyooza kwa kuiegemea tu, na hatoi hata kikombe kimoja cha maziwa.

Wenye farasi huko Ulaya na Marekani wanaijua tabu hiyo vizuri. Asiye na shamba humweka farasi wake kwenye banda la kulipia kwa mwezi, na jike au dume aliyehasiwa hupata nafasi upesi. Dume mzima hukataliwa banda moja baada ya jingine: uzio haujafika kimo, majike wako karibu mno, wahudumu hawana uzoefu. Anayekubali kumpokea mara nyingi humfungia peke yake, asimwone wala kumgusa mwenzake, na mnyama aliyeumbwa kuishi kundini humaliza miaka akizunguka chumba cha mita chache.

Same, huku Upare, haina mabanda ya farasi ya namna hiyo, na sababu yake ni ya kale. Nyika inayotandaa kutoka chini ya milima kuelekea Mkomazi ni makazi ya mbung'o, naye hubeba vimelea vya ugonjwa wa nagana. Tena kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, wadudu wadogo kuliko mbu wanaouma zaidi nyakati za magharibi na alfajiri. Pundamilia huubeba bila kuugua. Farasi mgeni akiupata, mara nyingi hufa. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yalishuka kando ya milima hii yakiwafukuza Wajerumani, yakiwa na farasi na nyumbu wa mizigo, na kabla Vita Kuu ya Kwanza haijaisha wanyama hao walikuwa wamekufa kwa maelfu. Askari waliokuja wamepanda wakaendelea kwa miguu. Basi anayetafutiwa pa kulala huku kwetu ni fahali, na pa kumlaza ni juu, kwenye baridi.

Huko juu, Mbaga, Chome, Vudee, Suji, Mamba, hali ni nyingine kabisa. Msitu wa Chome hunasa ukungu kuzunguka kilele cha Shengena, chenye zaidi ya mita 2,400, ukungu huwa vijito, na vijito hujaza mifereji na ndiva, mabwawa ya kumwagilia mashamba. Mashamba ni madogo, yamebanana juu ya miteremko: kahawa, migomba, maharage, tangawizi. Hakuna pa kuchungia. Ng'ombe wa maziwa hukaa bandani mwaka mzima na chakula humfuata alipo: matete, majani ya Guatemala yaliyopandwa kwenye kingo za matuta, na kiangazi kikikaza, vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa.

Kuna uhimilishaji, nami nautakia kila heri. Kituo cha taifa kilichoko Usa River, Arusha, hufuga madume bora, na mbegu zao huhifadhiwa katika naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Lakini mtungi wa naitrojeni lazima ufike mlimani, na ufike kwa wakati. Joto la ng'ombe hudumu saa chache, kwa kawaida kati ya 12 na 18, kisha hupoa mpaka zipite siku 21 hivi. Masika yakiifanya barabara tope, mtaalamu akabaki bondeni na pikipiki yake, mwenye ng'ombe amepoteza wiki tatu. Mwezi ujao atapoteza nyingine. Kwa kaya inayolipa ada ya shule kwa maziwa, hiyo ni hasara isiyofidiwa na mtu. Dume aliye umbali wa kutembea kwa miguu bado anahitajika.

Mipango ya kopa ng'ombe lipa ng'ombe ililijua hilo. Heifer International, iliyoanza kazi Tanzania mwaka 1974, ni miongoni mwa walioieneza nchini: familia hupewa mtamba mwenye mimba, nayo hulipa deni kwa kumtoa mtamba wa kwanza atakayezaliwa kwa familia nyingine. Kikundi hupewa dume. Lakini kikundi hakina banda, hakina panga wala kamba, na hakiamki saa kumi na moja. Mwisho wa mkutano dume hulala kwa mtu.

Mtu huyo anachukua nini hasa? Mnyama wa kilo 500 hula majani mabichi kilo 50 hadi 60 kwa siku na hunywa maji ndoo mbili au zaidi. Kwenye miteremko ile, hiyo ni mizigo miwili au mitatu ya kichwani kila siku, Jumapili na Iddi zikiwemo. Wanaobeba ni wanawake, na watoto wakitoka shule. Hapa nasema waziwazi kinachonikera. Mwanamume husimama mkutanoni akatamka kwamba dume alale kwake, watu wakapiga makofi, na tangu siku hiyo kitongoji kizima kinamwita mwenye dume. Mkewe, ambaye shingo yake ndiyo itakayomlisha mnyama huyo, pengine alikuwa nyuma ya mkutano akimnyonyesha mtoto, na hakuulizwa. Heshima imekwenda upande mmoja, majani upande mwingine.

Desturi ya zamani ya kuweka mifugo kwa mwingine, ambayo imeenea kote Afrika Mashariki, ilikuwa na mizani yake. Mwenye mali alitawanya ng'ombe wake ili ugonjwa ukilipiga zizi moja lingine lisalimike. Mlezi alikunywa maziwa, alipata samadi, na baada ya kuzaliwa ndama kadhaa alipewa wake. Amana ilimlisha aliyeitunza. Mizani hiyo ilisimama juu ya jike. Dume wa mbegu anaitingisha, kwa kuwa faida yake yote huzaliwa kwenye mabanda ya watu wengine. Ndama wake wapo kwa jirani wa juu, kwa jirani wa chini, ng'ambo ya kijito. Kwa mlezi imebaki samadi. Anayekubali kumlaza dume amekubali kuwalisha wengine kabla ya kujilisha, na jamii isiyoliona hilo haitamkosa dume tu, itamkosa na mtu wa namna hiyo.

Upare haikosi mfano wa kulibeba jambo la wote. Ndiva ikijaa tope, huitishwa msaragambo, kila kaya hutoa mtu, na asiyefika hutozwa faini. Maji hugawanywa kwa zamu na yuko anayesimamia zamu hizo. Hakuna anayesema kwamba ndiva imechimbwa jirani na shamba la fulani, basi tope ni lake yeye. Kwa nini majani ya dume yawe ya mtu mmoja? Kila anayeleta ng'ombe kupandishwa angekuja na mzigo wa matete kichwani, na zamu za majani zingepangwa kama zamu za maji, nadhani ile mikutano ya kumtafuta mlezi ingekuwa mifupi.

Hata hivyo mzigo mzito kuliko majani ni kumkatalia jirani. Mtu anabisha hodi alfajiri: "Mama Neema, shikamoo, nimemleta ng'ombe, joto limeanza usiku." Ametembea saa nzima gizani, ni mtu wa kanisani kwao, labda ni shemeji. Sasa Mama Neema au mumewe lazima aulize yasiyopendeza. Je, huyu alitupa mimba mwaka jana? Amepandishwa mara ngapi bila kushika? Amepimwa? Trikomonasi na vibrio hukaa kwenye viungo vya uzazi vya dume bila yeye kuonyesha dalili yoyote; majike ndio wanaolipa, mimba zinapotea changa, joto linarudi na kurudi. Ng'ombe mwenye brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba, huchafua ua mzima, na binadamu naye huupata kwa maziwa mabichi au kwa kushika kondo la nyuma. Dume mmoja aliyeambukizwa anaweza kuuharibu mwaka mzima wa kitongoji. Mlezi mpole asiyejua kusema hapana ni hatari kuliko mkali. Nikiulizwa nani apewe dume, sitaanza kutazama ukubwa wa banda. Nitauliza ni nani aliyewahi kumrudisha ndugu yake mlangoni kwa haki, na ndugu yule akaendelea kumsalimu.

Banda lenyewe ni lazima liwe imara, nguzo zimechimbiwa chini sana, hori linajazwa kutoka nje, na mahali pa kupandishia pawe pembeni, mtu asilazimike kuingia alipo dume. Pete ya pua ivalishwe mapema, akiwa bado mdogo. Madume wa ng'ombe wa maziwa wanajulikana kwa kuua watu, na anayeua mara nyingi ni yule aliyeitwa mpole, aliyezoeleka mpaka mtu akampa mgongo.

Lakini uimara ukigeuka kifungo, tumeharibu. Fahali aliyelelewa peke yake tangu utotoni huwa mkali zaidi kwa binadamu kuliko aliyekua pamoja na wenzake. Hajajifunza kwa ng'ombe adabu ya kundi, akamwona mtu kuwa ndiye wa kupimana naye nguvu. Katika shamba la taifa la farasi la Uswisi, huko Avenches, watafiti waliwaweka farasi madume wa mbegu pamoja malishoni. Siku za kwanza vitisho na kupigana vilikuwa vingi, kisha vikapungua upesi kila mmoja alipoijua nafasi yake. Walikuwa na uwanja mpana. Wahenga waliosema mafahali wawili hawakai zizi moja walikuwa wakisema juu ya zizi, na banda la mita nne kwa nne lililoning'inia juu ya korongo ni zizi kwelikweli. Huko siwezi kushauri mafahali wawili. Ninachoshauri ni kwamba huyo mmoja ajengewe mahali anapowaona majike wa nyumba ile na kunusa pumzi zao kupitia mwanya wa miti, asukumwe na kupigwa brashi kila siku na mkono uleule, asitupwe mwisho wa shamba kama adhabu.

Tena hata akipata mahali pazuri, hapo si pake daima. Binti zake huwa tayari kupandishwa wakiwa na mwaka mmoja na nusu hivi, au zaidi kidogo kwa malisho yetu, na ukijumlisha miezi tisa ya mimba utaona kwamba baada ya miaka miwili na ushei dume lazima ahame asije akawapanda wanawe. Aende mlima mwingine, wa huko aje huku. Kila kuhama ni kutafuta mlezi upya, na ni daftari: tarehe, jina la mwenye ng'ombe, rangi ya ng'ombe, alishika au hakushika. Bila daftari hakuna anayejua binti ni wa nani, na nimeona watu makini wakibishana juu ya asili ya mtamba kama wanaobishana juu ya mpaka wa shamba.

Halafu inafika siku ya kumuuza. Amezeeka au amekuwa mzito mno kwa mitamba, mnunuzi wa nyama amepanda kutoka Same mjini, na dume wa kilo 500 ni fedha nyingi. Kikundi husema ni mali ya kikundi, na ndivyo ilivyo. Mlezi husema alimlisha miaka miwili, na ndivyo ilivyo. Magomvi haya hayatokani na uchoyo. Yanatokana na haya ya siku ya kwanza, pale kila mtu alipoona aibu kutaja fedha mbele ya mtu aliyejitolea. Nawaomba wenye vikundi waivumilie aibu hiyo mapema. Sehemu ya mlezi iandikwe, iwe robo au theluthi kama watakavyopatana, pamoja na zamu za majani, gharama ya dawa ya kupe, na nani atamlipa daktari wa mifugo. Yule mwanamke wa majani aulizwe kama anakubali, mbele ya mkutano, na ajibu kwa kinywa chake. Akikataa, dume aendelee kutafutiwa. Akikubali, jina lake liandikwe mstari mmoja na la mumewe, kabla dume hajateremshwa kwenye gari.