Hadhana: Ni Haki ya Mtoto au Ni Haki Yetu?



Mtu wa kwetu pwani, dereva wa lori, aliniomba nifuatane naye mpaka Kamukuywa, soko lililoko katika njia ya Webuye na Kitale, nimsaidie kumchukua mwanawe. Alioa huko mwanamke aliyesilimu, kisha wakaachana mtoto akiwa hajatimiza mwaka. Mama akaolewa na mume mwengine mji wa mbali, na mtoto akabaki kwa nyanya yake mzaa mama, ambaye ni Mkristo. Kwa miaka saba baba hakupeleka hata kanzu ya Idi. Sasa amekuja na hoja mbili: ya kwamba mama ameolewa, na ya kwamba nyanya si Muislamu.

Hoja hizo si za upuuzi. Katika madhehebu yetu ya Kishafi, mama akiolewa na mume asiyemhusu mtoto, haki ya kulea humwondokea. Lakini huenda kwa mama yake kabla ya kumfikia baba. Na ni kweli Mashafi wameshurutisha mlezi wa mtoto Muislamu awe Muislamu. Mamaliki hawakushurutisha hivyo, na Mahanafi wameruhusu mpaka mtoto afikilie kuifahamu dini. Hao nao ni wanazuoni, si watu wa barazani.

Imepokewa na Imam Malik ya kwamba Sayyidna Umar alimwacha mkewe wa Kiansari, aliyemzalia Asim. Siku moja akamkuta kijana huyo akicheza Quba, akamshika mkono na kumpakia juu ya mnyama wake. Nyanya wa mtoto akamfuata, wakagombana, hata wakafika kwa Sayyidna Abubakar. Akaamua mtoto aachiwe nyanya, na Umar hakurudisha neno. Umar! Nasi dereva wetu alitaka kugombana mpaka jua lichwe.

Tena yapasa kujua ya kwamba Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 170, haimpi kadhi hukumu ila pande zote ziwe za Waislamu na ziridhie. Nyanya huyu si Muislamu, basi akikataa, shauri ni la mahakama ya watoto. Huko kifungu cha 53 kimetanguliza maslahi ya mtoto, na Sheria ya Watoto ya 2022 yataka mtoto asikizwe kwa kadiri ya umri wake na akili yake. Wako kwetu wanaolalamika ya kuwa hayo ni mambo ya serikali. Je, si Mashafi hao hao waliosema mtoto akifikia kupambanua, kiasi cha miaka saba au minane, wazazi wakiteta ahiyarishwe baina yao?

Liko jambo lililonitia haya zaidi. Wanazuoni wetu wamesema nafaka ya mtoto iliyopita haigeuki deni kwa kupita siku tu, pasipo amri ya kadhi. Hilo nalijua, na dereva naye alilijua, tena vizuri sana! Lakini mtu aliyelishiwa mwanawe miaka saba, akavishwa, akapelekwa skuli, atasimamaje mlangoni pa mlishaji kwa jina la dini, mkono mtupu? Huyo mama atasema Uislamu ndio huu. Akisema hivyo, nani aliyemfundisha?

Nyanya hakudai ng'ombe wala fedha. Aliuliza swali moja: huko Mombasa ni nani atakayeamka usiku, maana mtoto hukojoa kitandani akiogopa. Dereva hakuwa na jibu. Nilimwuliza mwanawe yuko darasa la ngapi, hakujua.

Nikamwambia amwache mtoto alipo, alipe ada ya skuli na chakula, aje kila likizo akae naye siku kadhaa, amtafutie mwalimu wa dini Kitale au Bungoma, na baada ya mwaka tumwulize mtoto mwenyewe. Nyanya aliridhia mbele yangu, hata hilo la mwalimu. Dereva alisema atafikiri.

Mpaka naandika haya bado anafikiri.